Springi za Idrisa na Jicho la Mjomba Shabani

Nakumbuka Jumamosi moja ya harusi ya jirani, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili unachoka upya. Nilikuwa sijaolewa bado. Tulikaa ile nyumba ya familia Mtaa wa Sikukuu, mimi nipo barazani nachambua mchele wa kupeleka shughulini, na mdogo wangu Idrisa yupo pembeni ya nyumba, amelipandisha gari lake juu ya jeki.

Idrisa unayemjua wewe ni mjomba mpole, anayeendesha taratibu mpaka watu wanampigia honi. Siku zile hakuwa hivyo. Alikuwa wakala wa forodha bandarini, kijana wa shati la pasi na maneno mengi, na alikuwa ametoka kulitoa gari lake mwenyewe hapo bandarini: jekundu, milango miwili, gari la mbio. Akisimama nalo Mnazi Mmoja watu wanaliangalia kwanza gari, halafu yeye. Ila yeye aliliona limenyanyuka kama kuku anayevuka matope. Alitaka lishuke, lilalie matairi, na lishuke kabla ya msafara wa bibi harusi jioni ile.

Springi fupi za kulishushia alishazinunua kule Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Fundi wa hukohuko alimwambia, "Kijana, leo nina foleni. Njoo Jumatatu." Jumatatu harusi itakuwa imekwisha! Basi akamwita rafiki yake Godlisten, Mchaga aliyekuwa na duka la vyombo mtaa wa pili, wakakubaliana wazifunge wenyewe nyumbani. Ile methali ya haraka na baraka wote tunaijua, mwanangu. Tumeisikia mno, haitugusi tena.

Nikueleze kidogo, maana hata mimi nilikuja kuelewa baadaye. Springi ya gari hukaa kwenye shokapu ikiwa imebanwa kwa nguvu. Juu yake kuna kisahani cha chuma, na nati moja ndiyo inayozuia vyote visiruke. Fundi huibana kwanza kwa kibanio chake, ndipo afungue ile nati. Idrisa na Godlisten hawakuwa na kibanio. Walikuwa na vipande vya tyubu ya pikipiki. Wakavizungusha, wakakaza mafundo, wakaona yatosha.

Hapo akatokea Mjomba Shabani, kaka yake mama yetu, anatoka kuswali adhuhuri na kanzu ya harusini tayari mwilini. Huyu kwako ni babu, hukumkuta. Alikuwa mchuuzi wa samaki soko la Feri, na mambo ya magari hakuyajua kabisa.

"Shikamoo Mjomba," Idrisa alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Mbona unafungua huku umegeuza uso?"

Idrisa akacheka. "Tahadhari tu, Mjomba."

"Mimi gari silijui. Wewe nakujua tangu unanyonya. Mkono wako unafungua, uso wako unakimbia. Ufuate uso."

"Mjomba, msafara ni saa kumi. Nikienda na gari limenyanyuka hivi, watanicheka."

"Watakucheka leo. Wiki ijayo watakula pilau nyingine na kumcheka mwingine. Weka chini hiyo spana, baba."

Godlisten aliachia. Nilimwona akirudi nyuma, anafuta mikono kwenye suruali. Idrisa akasema, "Imebaki kidogo tu," akaendelea kuzungusha. Mjomba hakupiga kelele. Aliinama, akamshika ukosi wa shati, akamvuta kwa nguvu zake zote za kizee. Na ile mipira ya tyubu ikakatika.

Ulisikika mlio mmoja, kama nyundo juu ya bati. Ungo ulinitoka mikononi. Nilipofika pale, Idrisa alikuwa chali, mzima. Mjomba Shabani amepiga magoti, ameufunika uso kwa viganja vyote viwili, na kanzu nyeupe inaanza kubadilika rangi kifuani. Kile kisahani cha chuma kilimkuta yeye.

Gari lenyewe lilikuwa juu ya jeki, halina tairi. Godlisten ndiye aliyekimbia kuleta kirikuu, kigari cha mizigo cha dukani kwake, tukampakia mzee nyuma, kichwa chake mapajani kwangu. Jicho la kulia halikupona.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia hakuvunjika hata kucha. Methali iliyotufaa ni nyingine: mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililila. Ndimi niliyechemsha maji, niliyefua vitambaa, niliyemtia dawa asubuhi na jioni. Mjomba alikuwa akimimina chai mezani akidhani anaimimina kikombeni. Samaki alikuwa akiwanunua kwa jicho, mwanangu, anaangalia shavu tu anajua huyu kavuliwa lini. Sasa waliokuwa wakimuuzia wakaanza kumdanganya. Siku moja akarudi na kapu la samaki waliooza, akaliweka chini, akanawa mikono. Feri hakwenda tena.

Siku zile za mwanzo, mzee bado yupo kitandani, Idrisa alitaka kulivunja lile gari kwa shoka. Mjomba akamwita.

"Gari halikunikosea," akamwambia. "Lipeleke Gerezani, alifunge mwenye kibanio. Halafu utakuwa unanipeleka nalo kliniki."

Likafungwa, likashuka kweli. Kila tuta la barabarani lilikwaruza tumbo lake, na Mjomba yupo kiti cha mbele, magoti yamemfika kidevuni, anauliza, "Haya, ndio uzuri wenyewe huu?" Idrisa anacheka huku machozi yanamtoka. Alimpeleka hivyo mpaka Mungu alipomchukua mzee wetu, na sikuwahi kumsikia Mjomba akimlaumu.

Nakwambia haya kwa sababu jana nimekusikia kwenye simu ukimwambia mwenzako, "Tutazifunga wenyewe tu, nyumbani." Kupenda gari sikukatazi. Kijana asiyependa kitu chochote naye anatisha. Lakini mimi nimechoka, mwanangu. Mikono ya kuuguza mtu kwa ajili ya springi sina tena.

Basi shika haya. Kazi isiyo na kifaa chake usiianze, hata kama wenzako wanakusubiri na honi. Ukiona uso wako unakimbia kile ambacho mkono wako unakifanya, simama, hata kama imebaki kidogo tu. Na kabla hujasema ni mwili wako mwenyewe, tazama nani amesimama karibu nawe, kwa maana anayekupenda hatakaa mbali.

Mwenyezi Mungu akulinde, akulindie na wale watakaonyoosha mkono kukuvuta. Uzee ukukute na viungo vyako vyote, nyumba yako isijue kuuguza kwa sababu ya pupa, na wanao wakikutaja wakutaje wakiwa wanacheka. Amin.