Aliyevuka Lungalunga kwa Niaba Yangu

Kila mgeni anapoajiriwa chuoni kwetu, huletwa kwangu nimpe mawaidha ya safari. Mimi ni mtu wa Tanga, nimefundisha huku Kwale miaka ya kutosha kujua milango inavyofungwa. Humwambia: usitoke nchini kabla kibali chako kipya cha kazi hakijatoka. Barua ya chuo ishike mkononi, usiitie kwenye begi litakalofungiwa buti ya basi. Ukiulizwa mpakani umefuata nini, sema kazi, usijitie matembezi. Wengine huitikia kwa adabu tu, naona kabisa kwamba wananihesabu mama mwenye wasiwasi. Siwalaumu, maana nami nilikuwa hivyo hivyo.

Mwaka mmoja kibali changu kilikuwa kimekwisha na pasipoti yangu iko kwa watu wa uhamiaji. Ndipo kaka akapiga simu: mama ameteleza uani, amevunjika nyonga, amelazwa. Kutoka Msambweni nilikopanga hadi kwetu Tanga ni mwendo wa asubuhi moja. Nikaenda mbio kwa afisa wa chuo anayeshughulikia wageni, kijana wa bara, mpole kupita kiasi.

"Madam, usivuke saa hii," akaniambia. "Ukitoka bila karatasi, kurudi itakuwa noma. Kazi yenyewe unaweza kuikosa."

Nikamjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Alinivumilia, akanisogezea kiti, akarudi kuwapigia simu watu wa uhamiaji. Namshukuru hadi leo, ingawa siku ile ningeweza kumng'ata.

Kilichonitesa hakikuwa hofu ya kifo. Wodini mgonjwa hutunzwa na watu wake, na mama ana watoto wawili tu, mimi na kaka. Dada zake wameshatangulia mbele ya haki, na kaka hana mke. Uji angempelekea, sakafuni angelala, lakini kumwogesha mamake hawezi. Na mama, ninavyomjua, angekubali kukaa na jasho la wiki nzima kuliko kuvuliwa nguo na mwanawe wa kiume.

Nikarudi nyumbani, nikakaa barazani nikilia kwa hasira. Mwenye nyumba wangu, mama wa Kidigo anayeuza viazi karai mlangoni pake, akaepua karai akaja. Nikamweleza yote.

"Sasa mamako ataogeshwa na nani?" akauliza.

"Hana mtu."

"Kwani mimi si mtu?"

Nikadhani ni maneno ya kunifariji tu. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikamkuta uani amejifunga leso, mkoba begani, kitambulisho mkononi.

"Shikamoo, mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda kwa mama. Kuku wangu usiwasahau."

Jamaa zake wako pande zote mbili za mpaka. Kwake yeye kuvuka Lungalunga ni kama kwenda Ukunda, ila kuna foleni. Mimi msomi, mwenye vyeti vya kujaza sanduku, nikabaki nikiwamwagia kuku mtama.

Alimuuguza mama hadi akaruhusiwa kutoka hospitali, kisha akahamia naye nyumbani. Kaka alinisimulia kwamba wauguzi walipomwuliza ni nani wa mgonjwa, alijibu, "Mwanawe," bila kupepesa jicho. Kila jioni nilipiga simu, nikamsikia mama akicheka na mtu ambaye kabla ya hapo hakuwa akimjua hata kwa sura. Nilishukuru mpaka machozi. Na wivu ulinishika, nisiseme uongo.

Hatimaye kibali kikatoka. Yule kijana wa bara aliniletea mwenyewe pasipoti mpaka darasani. Mwenye nyumba wangu aliposikia kwamba ninakuja, akarudi Msambweni kuwawahi kuku wake, nami nikavuka, barua mkononi.

Nilimkuta mama kitandani, amekonda lakini ananukia sabuni na asumini. Nikamwamkia, tukalia kidogo. Kisha nikachukua beseni, nikachanganya maji, nikaanza kumfuta uso. Akanishika mkono.

"Siyo hivyo. Anza na miguu kwanza, mwili uyazoee maji. Dada yako huanza na miguu."

Mama hakuzaa binti mwingine. Nikasogeza beseni, nikaanza na miguu.