Mwanaidi na Kitabu cha Kichwa Chini

Wiki nzima nimekana kwamba nilimwonea Mwanaidi. Leo nakiri.

Alihamia darasani kwangu, hapa Amani, akitokea Bwejuu. Nikampa kitabu, akakigeuza kichwa chini, akasoma kama anayekunywa maji. Nikakiweka sawa, akakwama. Mimi na digrii yangu ya lugha tukakata shauri: huyu amekariri tu, arudi darasa la kwanza.

"Sijakariri, mwalimu," akasema huku machozi yanamlengalenga. "Skuli yetu kitabu kimoja tulikizunguka watoto wanne. Mie nnakaa upande wa juu."

"Hadithi hizo!"

Nikamtumia mwalimu mkuu ujumbe aje aidhinishe. Tukamngoja, mimi nimekaa, Mwanaidi amesimama ng'ambo ya meza, simu yangu imelala kati yetu ikinielekea mimi. Mara ikaita. Mwanaidi akaitupia jicho, akanisomea kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, bila kukwama hata silabi moja:

"Mwalimu, unapigiwa na Kisirani wa Ofisini."

Nikainua macho. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni.