Fundi aliyeisingizia gundi maradhi ya moyo wake

Saa mbili asubuhi, kochi kuukuu la watu watatu limelazwa kifudifudi uani, na msichana mwenye koleo analing'oa pini moja baada ya nyingine. Vumbi linatimka. Baba yake yuko ndani, nyuma ya kioo cha dirisha, barakoa usoni, akipaza sauti kama kocha aliyetolewa nje ya uwanja.

"Anzia pembeni, Mama! Kitambaa hicho ndicho kipimo cha kukatia kipya, usinichanie!"

"Nimekusikia, Baba. Mtaa mzima umekusikia."

Wateja humwita Fundi Sponji. Ana miaka hamsini na miwili, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameitumia kuyavisha makochi ya watu nguo mpya. Siku hizi halisogelei kochi la zamani mpaka livuliwe kila kitu na takataka zake zifungwe kwenye mifuko. Moyo unaodunda kifuani mwake ni wa kupandikizwa. Dawa anazomeza ili mwili usiukatae humpunguzia kinga, na vumbi lenye ukungu linaweza kumlaza hospitali. Kwa hiyo yeye hukata na kushona, na kifungua mimba wake ndiye anayechuna.

Binti huyo aliwahi kupigwa marufuku kuukanyaga mlango wa karakana hii.

Miaka saba iliyopita, Fundi alianza kuhema akibeba mto wa kochi. Mto tu, wala si kochi. Miguu ikavimba, viatu vikagoma kuingia. Usiku alilala ameketi. Madaktari walimwambia misuli ya moyo imetanuka na kulegea, ila chanzo hawakukijua.

Yeye alikijua, au ndivyo alivyojiaminisha. "Nikasema ni gundi," anasimulia. "Nimeinusa tangu ujana, madirisha yamefungwa. Nani mwingine wa kulaumiwa? Nikamfukuza mwanangu hapa. Alikuwa na miaka kumi na sita na mkono wake ulikuwa umeshakuwa mwepesi kuliko wangu. Nikamwambia nisikuone tena."

Binti alilia hadi macho yakawa mekundu, kisha akaenda kuuza vifuniko vya simu. "Nilikuwa nauza huku nimenuna," anasema. "Mteja akiuliza bei, namjibu kama ananidai."

Hali ya baba ilizidi kuwa mbaya. Karakana ikafungwa na cherehani moja ikauzwa. Kisha familia ya mtu aliyefariki ikakubali moyo wa ndugu yao utolewe, na Fundi akapandikizwa; alipopata nguvu, akaifungua karakana tena. Hadi leo Fundi hajui ni akina nani.

"Wakati wenzao wanawazika wafu wao na kufunga safari ya kurudi nyumbani, wao walikaa wakanifikiria mimi wasiyenijua," anasema, na hapo inambidi avue miwani aifute. "Nikiamka tu, kabla sijamsalimia mke wangu, nawaombea wale."

"Nami nasubiri zamu yangu," anadakia mkewe kutoka jikoni.

Mwaka jana, kliniki, daktari wake alimwomba damu kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Fundi aliangua kicheko. "Nikamwambia, Daktari, moyo mbovu mmeshautoa, sasa mnatafuta nini tena?"

Daktari, mwanamke mpole asiyependa kuzungukazunguka, alimjibu: "Moyo ulio nao ni wa mtu mwingine, na ni mzima. Lakini damu yako bado ni ya kwenu. Sipimi kwa ajili yako, napima kwa ajili ya watoto."

Kicheko kikakauka. Marehemu baba yake alianguka shambani akiwa na miaka arobaini, na ukoo mzima ukasema ni jua.

Majibu yalionyesha kasoro ya kurithi kwenye kinasaba kimoja cha misuli ya moyo. Kila mtoto wake alikuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Fundi aliyapeleka majibu hayo nyumbani na kuyakalia kimya. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeonekana amewapa wanawe ugonjwa.

Mkewe ndiye aliyemtoa kwenye ukimya huo. "Nilimwambia, baba yako hakuwa na wa kumwonya. Watoto wako wanaye. Sasa unamwachia nani kazi hiyo?"

Watoto wote wawili wakapimwa. Wa kiume hana. Binti anayo, na moyo wake ulikuwa umeanza kutanuka kidogo, ingawa hakuwa amehisi lolote. Akaanzishiwa dawa na kupangiwa uchunguzi wa mara kwa mara.

Ndani ya chumba cha daktari, baba aliinamisha kichwa akaanza kuomba radhi. Binti akamkatiza.

"Baba, ngoja kwanza. Kwa hiyo si gundi?"

"Si gundi, mwanangu."

"Basi kesho narudi kazini."

Fundi anasema alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuweza kutofautisha kipi ni kipi. Daktari aliruhusu kazi, kwa masharti: asinyanyue vizito, akisikia kizunguzungu aache kila kitu, na madirisha yawe wazi, kwa sababu gundi nayo haijawa malaika.

Sasa makochi hubebwa na vijana wa jirani, na binti anajifunza kukata ngozi, kazi ambayo baba yake hakuwahi kumwachia mtu. Fundi anapanga kumwachia karakana yote mwakani. Alipoulizwa anamtakia nini zaidi, Fundi alimtazama kupitia dirishani, msichana akiwa amejaa vumbi, anapiga mluzi.

"Mimi nimepewa wa mtu, na nitashukuru mpaka siku ya mwisho," anasema. "Yeye namtakia azeeke na huo aliozaliwa nao."