Muulize Mwenyewe

Mwanangu, shikamoo yako ya simu niliipokea, marahaba, lakini uliyosema baada yake yalinifanya niache chai ipoe. Eti unaliacha somo la ulemavu, ni la nyongeza tu, halina faida kwenye shahada yako ya uuguzi. Eti umelelewa na mama kiziwi, chuo kitakufundisha nini kipya? Makubwa haya! Kaa nikwambie jambo ambalo mama yako aliniomba nilifiche mpaka uwe mtu mzima.

Nakumbuka siku ile kama ya jana. Nilikuwa nesi mpya huko Ngara, ndiyo kwanza nimetoka kwetu Biharamulo. Mama yako aliletwa kwa pikipiki, uchungu wa mimba ya kwanza umemzidi, akiwa na bibi yako mzaa baba. Kila tulichouliza, bibi alijibu. Wote tulimgeukia yeye, maana huyu mwingine, tuliambiwa, ni bubu, haelewi kitu. Daktari akasema ni upasuaji. Bibi akakubali, kisha akaongeza kwa upole, kama anayeagiza chumvi dukani:

"Mkishamtoa mtoto, mfungeni na kizazi. Bubu atalea wangapi?"

Daktari akaitikia sawa.

Somo hilohilo unaloliacha wewe, mimi nililichukua kwa uvivu, nikidhani ni la kupumzikia. Mwalimu wetu, ambaye haoni, alirudia neno moja mpaka tukawa tunamwigiza: muulizeni mwenyewe. Likanijia palepale. Nikamgusa mama yako begani, nikamwonyesha tumbo, nikajifanya napakata mtoto, kisha nikapangusa viganja: basi, hakuna tena. Akanitazama. Akamtazama mkwewe. Halafu akapiga yowe, sauti ambayo hatukujua kama anayo, akalikumbatia tumbo huku akitikisa kichwa mpaka kitambaa kikaanguka. Bibi yako akakaa sakafuni.

"Kumbe anaelewa," alisema.

Mpaka leo maneno hayo hayajanitoka. Walikuwa wakiishi nyumba moja! Na simsemi vibaya, ndiye huyohuyo aliyekubeba wewe mgongoni. Alimpenda mkwe wake, ila hakuwahi kumuuliza kitu.

Daktari alimtoa kaka yako, hakufunga chochote. Miaka ikapita, ukazaliwa wewe, na mama yako akanishika mkono mpaka kanisani niwe mama yako wa ubatizo.

Basi rudi darasani. Kumpenda mama yako hakutoshi, hata bibi alimpenda. Utawakuta wengi kitandani, ndugu amesimama pembeni anawajibia. Msogeze huyo ndugu kwa heshima, umwinamie aliyelala, umuulize yeye, hata kama jibu litachelewa na foleni inanung'unika.

Mungu akupe subira ya kulingoja jibu hilo, akulinde safarini, na likizo akurudishe salama mikononi mwa mama yako.