Mgomo wa Kutocheza

Watu husema muziki huwaunganisha wanyonge. Mimi husikiliza tu, maana niliwahi kuutumia kuwatawanya.

Nilikuwa napiga disko la Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja wa Bondeni, Kyela mjini. Mama yangu alikaa langoni akichoma ndizi na kukaanga usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na wachezaji wakitoka kupunga upepo walikula kwake. Kisha mwenye ukumbi akafungua jiko lake ndani, akataka mama na wenzake wawili waondoke langoni kufikia Jumatatu.

Wachezaji hawakuandamana. Maandamano yanataka kibali, na kibali cha kutetea ndizi sijui kinaombwa wapi. Walilipa kiingilio kama kawaida, wakaingia, wakasimama katikati ya ukumbi mikono wameifunga kifuani. Dereva wa bodaboda aliyepanga mgomo alinikonyeza. Nani atamkamata mtu kwa kosa la kutocheza? Tena asiyecheza hasikii kiu, kwa hiyo bia na soda zilibaki kwenye friji.

Nilipiga nyimbo sita, hakuna aliyetikisika. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilicheka peke yangu nyuma ya spika mpaka mwenye ukumbi akaja.

"Kijana, kama huwezi kuwachezesha, Jumapili ijayo naleta mwingine."

Nilikuwa na wimbo mmoja kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi. Ule hata shemasi angeutikisia bega. Ningeweza kusema leo sikuja nao, lakini sikutaka kumwaga unga wangu. Nikauweka.

Lilianza bega moja, vikafuata visigino. Yule wa bodaboda alijikaza mpaka kwenye kiitikio, akaniangalia kama mtu aliyeuzwa, kisha naye akaingia. Muda si mrefu kaunta ikawa na foleni, na mwenye ukumbi akaninyooshea dole gumba. Niliona aibu, ila sikuuzima.

Jioni nilimkuta mama langoni anazima makaa. Kila kitu alikuwa amekisikia kupitia ukuta. Nilisubiri anitukane. Kwa kweli nilitamani anitukane, ningepata pa kuanzia kuomba radhi.

"Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru kwa Kinyakyusa, huku akifunga ndizi zilizobaki kwenye kanga. "Umepiga vizuri. Hata mimi huku nje nilicheza."