Nilivyojifunza ubeki Masasi kwa karatasi za mpira wa Australia bila kujua

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Kila nikiusoma naona sentensi imepinda, nafuta, naanza upya. Leo nimeamua kuuachia na makosa yake. Ninayoyasimulia yamenitokea mimi mwenyewe, na wapo watu Masasi na Newala ambao hadi leo wakiniona wanacheka kwa sababu yake. Atakayenitambua naomba asitaje jina langu.

Nirudi nyuma kidogo, miaka ile soko lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho wanaingia vijijini na mizani zao, maduka ya Masasi yamejaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu redioni, na mitumba inamwagwa mnadani kila wiki.

Mjomba wangu alikuwa muuza mitumba. Mimi kwetu ni Mkunya, upande wa Newala, lakini nilipomaliza shule nikahamia kwake Masasi mjini. Kwa sisi Wamakonde mjomba akikuita, unaenda.

Mjomba alikuwa na ujanja mmoja: makoti. Masasi kuna joto, nani anunue koti? Lakini Newala kule juu, mwezi wa sita na wa saba, ukungu unashuka mpaka mlangoni. Basi makoti yote yaliyokosa mtu Masasi anayapandisha Newala na yanagombaniwa.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mifuko kabla ya kuyapanga. Tulikuta leso, funguo, tiketi za basi za nchi tusizozijua. Siku moja, kwenye koti la bluu iliyokolea, nikakuta karatasi kumi na mbili zilizopigwa chapa, zimekunjwa mara tatu. Ya juu ilikuwa imechanika, jina la timu na la mhusika halipo.

Nikaona maneno mawili niliyoyajua: football na defender.

"Mjomba, naomba hizi."

"Chukua. Koti niachie."

Sasa wakuu, mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuangalia kama nimefunga. Nilikuwa nacheza beki wa kati, namba nne, kwenye timu moja ya pale mjini, na nilikuwa na daftari ninaloandika kila kosa langu. Mechi moja ningeweza kujaza kurasa tatu. Wenzangu wakienda kunywa chai, mimi niko kwenye daftari.

Mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi kumi na mbili za kitaalamu, umempa dini.

Nilizitafsiri kwa kamusi, neno kwa neno, karibu miezi miwili. Zilikuwa ripoti za kocha kuhusu beki mmoja kijana aliyetoka shamba na kujiunga na timu ya kulipwa. Kila karatasi inaeleza ameongeza nini, amekosea wapi, afanye zoezi gani. Umri wake kumi na tisa. Mimi nilikuwa na kumi na nane, nimetoka shamba. Kwa kuwa jina halikuwepo nikambunia mwenyewe, nikamwita Dogo.

Dogo alinifundisha mengi. Kocha wake aliandika kwamba beki mchanga asiutafute mpira, amtafute mtu wake. Asimwache zaidi ya urefu wa mkono. Akae kati yake na goli muda wote, hata mpira ukiwa mbali. Na siku mechi ikiisha bila mtu yeyote kutaja jina la mshambuliaji wake, hiyo ndiyo siku amecheza vizuri.

Zoezi la kumfuata mtu nililifanya kwa mbuzi. Jirani yetu Mama Fatu alikuwa na beberu mmoja mkorofi, anageuka bila taarifa. Nilikuwa namfuata kila jioni nikiwa umbali wa mkono, akigeuka nageuka.

Siku moja Mama Fatu akatoka jikoni.

"Shikamoo, Mama Fatu."

"Marahaba. Mwanangu, huyo mbuzi amekukosea nini? Tuambiane, tukae kikao."

Yapo mambo kwenye karatasi hayakukaa sawa, siwafichi. Karatasi ya nne ilisema Dogo aliupiga mpira ngumi mbele ya uso wa mtu wake, na kocha akamsifu. Nikajijibu kwamba labda siku hiyo kipa aliumia, wakamweka yeye golini. Karatasi ya saba ilitaja wachezaji kumi na nane uwanjani. Nikasema amehesabu na wa akiba. Nilitaka ziwe zinanihusu mimi, kwa hiyo kila kisichokaa nilikitafutia sababu.

Na sikumwambia mtu. Niliogopa kuchekwa kwamba nafundishwa mpira na koti.

Msimu wa kwanza uliisha hivyo, nikicheza dakika chache hapa na pale. Msimu wa pili nikaingia kikosi cha kwanza. Baba yangu kule Mkunya alikuwa ameshaniwekea mpaka: kama korosho zikianza kudondoka mwaka ule sijachaguliwa kombaini, yaani timu teule ya mkoa, nirudi nyumbani shambani, habari ya mpira iishe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mvua itanyesha.

Kombaini ndiyo ilikuwa mlango. Watu wa timu kubwa walikuja kuangalia vijana huko.

Kocha wetu, Mwalimu Saidi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, ila kwenye jambo moja hakuwa na mzaha. Mtego wa ofsaidi. Kipa wetu Dastan akipiga kelele "Panda", mabeki wote tunapanda pamoja, washambuliaji wao wanabaki nyuma yetu, kibendera kinanyanyuka. Mazoezini tulikuwa wachache, tunacheza magoli madogo yasiyo na ofsaidi, kwa hiyo ugonjwa wangu wa kumganda mtu haukuonekana.

Ulionekana Newala, mechi ya kwanza ya msimu ule.

Tulienda kucheza na timu yao mwezi wa saba, baridi inauma. Nilipewa kumkaba Issa, mshambuliaji wao hatari kuliko wote. Nyumbani kwetu huko, mashabiki ni majirani na shemeji zangu, na mimi nimevaa jezi ya Masasi.

Dastan akaita "Panda". Wenzangu wakapanda. Mimi nikabaki na Issa, umbali wa mkono, kati yake na goli, kama karatasi inavyosema. Mpira ukaenda kwa mtu mwingine aliyebaki nyuma ya wenzangu. Kwa sababu mimi nilikuwa nyuma zaidi yake, hakuna ofsaidi. Goli.

Kipindi cha pili, hivyo hivyo. La pili.

Mzee mmoja pembeni ya uwanja akasema kwa sauti ya taratibu, "Mjukuu wetu, ahsante. Tulijua hukutusahau."

Tukalala mbili bila. Issa hakugusa mpira karibu na goli mechi nzima. Kwa hesabu ya karatasi nilikuwa nimecheza vizuri, na hilo ndilo lililokuwa linaniua.

"Nilisema tunapanda," Mwalimu akaniambia.

"Mwalimu, Issa hakufunga."

"Issa hakufunga. Sasa zile mbili kafunga nani, ukungu?"

Dastan akaongezea huku anavua glovu, "Ndugu yangu, ulikuwa unamkaba Issa au unamchumbia? Maana hata maji ulitaka mnywe chupa moja."

Mechi mbili zilizofuata nilikaa benchi. Nikaomba ruhusa niende nyumbani siku chache. Ukweli nilienda kumwambia baba kwamba nimeshindwa kabla ya wakati.

Nilimkuta shambani asubuhi, wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Kwa wasiojua, maua ya mikorosho yanashikwa na ubwiri unga, na salfa inapulizwa alfajiri umande ukiwa bado upo. Pamoja naye alikuwepo Mzungu mmoja wa utafiti wa korosho. Kijijini walimwita Bwana Salfa. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu kabisa, hata utani wa Wamakonde na Wayao alikuwa anaujua.

Kazi ilipoisha tukakaa barazani tunakula ming'oko, vile viazi pori vya kwetu. Bwana Salfa akaona karatasi zangu zikichungulia kwenye daftari, akaomba azione. Sikuwa na nguvu ya kukataa.

Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaniangalia.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye koti."

"Koti gani?"

"Mjomba wake anauza makoti," baba akasema, kana kwamba hiyo inatosha.

"Huu siyo mpira wenu," Bwana Salfa akasema. "Huu ni mpira wa kwetu, Australia."

Akachora uwanja kwenye vumbi, mviringo kama yai. Akasema mpira wenyewe umechongoka huku na huku, kama papai dogo. Watu kumi na nane kila upande.

"Unashikwa kwa mikono?" baba akauliza.

"Unashikwa, unapigwa teke, unapigwa ngumi."

"Na refa anaangalia tu?"

"Refa ndiye anaudundisha chini ili uanze."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu nikiwa mdogo.

"Na ofsaidi?" nikauliza.

"Haipo. Kule mtu anaweza kusimama nyuma ya beki siku nzima."

Wakuu, nilihisi masikio yanawaka. Karibu miaka miwili. Mbuzi. Daftari. Zile goli mbili za Newala.

Baba akafuta machozi ya kicheko. "Kwa hiyo muda wote huo umecheza mpira wa watu wengine."

Bwana Salfa hakucheka. Alikuwa amefika karatasi ya mwisho. Hiyo mimi nilikuwa nimeitafsiri nusu, nikaiacha, kwa sababu haikuwa na zoezi la kufanya. Akaisoma kwa Kiswahili taratibu. Kocha alikuwa ameandika kwamba kijana bado hajawa tayari, kwamba amekosea sana mwaka huu na amekosea mahali sahihi, na kwamba klabu isiwe na haraka naye.

"Huyu kocha ni mzuri," akasema. "Kwetu mshambuliaji anaweza kung'aa mwaka wa kwanza. Beki wanampa kama miaka minne. Makosa yake yanaonwa na kila mtu, kwa hiyo lazima ayafanye mbele ya watu. Wewe umejipa mingapi?"

Nilikuwa nimejipa mechi moja moja.

Nikarudi Masasi. Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kumkaba Issa. Nilisimama mazoezini mbele ya timu nzima nikaeleza yote, kuanzia koti. Dastan alilala chini kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Australia.

Mwalimu Saidi alisubiri kicheko kiishe. Akasema, "Soma."

Nikasoma tafsiri zangu, karatasi hadi karatasi. Mahali pengine alinisimamisha, "Rudia hapo." Nilipomaliza akasema, "Ya ngumi tupa. Ya kumfuata mtu tunabaki nayo. Issa akija hapa ni wako. Lakini Dastan akisema panda, Issa si wako tena. Ni wa mshika kibendera."

Rahisi kusema. Kwa mtu kama mimi, kumwacha mtu makusudi na kumpa mgongo ni kama kutoka nyumbani ukiacha mlango wazi. Wiki nne Mwalimu alinifanyisha hilo tu. Panda. Panda. Usigeuke kuangalia. Nilikuwa nageuka. Anaanza tena.

Mechi ya marudiano ilikuwa Masasi, na wachaguzi wa kombaini walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya kanisa. Tulikuwa tunaongoza moja. Issa nilimganda kipindi chote cha kwanza, akaanza kuninong'oneza, "Ndugu yangu, nenda kwenu basi."

Mara moja kipindi cha pili Dastan akaita na mimi nikachelewa hatua moja. Issa akabaki peke yake na kipa, akapiga nje kidogo tu. Zamani kosa hilo lingenimaliza mechi nzima kichwani. Nilimsikia Mwalimu pembeni akisema, bila ukali, "Endelea."

Dakika za mwisho Dastan akaita tena. Issa alikuwa ameshaanza kukimbia. Nikampa mgongo. Nikapanda na wenzangu, sikugeuka. Nilisikia mpira ukipita juu ya kichwa changu. Nikasikia watu wa Newala wakisimama. Halafu filimbi. Kibendera kiko juu.

Tulishinda moja bila.

Kombaini ilisomwa palepale. Issa alitajwa. Dastan alitajwa. Mimi sikutajwa. Mchaguzi mmoja aliniambia nina kitu, ila bado.

Nilipanda Mkunya wiki hiyo hiyo. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na ahadi ni ahadi. Nilimkuta baba anaokota, nikamwamkia, nikachukua kikapu nikaanza kuokota pembeni yake. Nikamwambia sikuchaguliwa.

Akaokota mpaka akamaliza chini ya mkorosho ule.

"Yule Mzungu alisema beki miaka mingapi?"

"Minne, baba."

"Umemaliza mingapi?"

"Miwili."

"Basi hujashindwa, hujamaliza. Maliza mstari huu, kesho urudi Masasi."

Kombaini niliingia mwaka uliofuata. Baadaye nilicheza daraja la kwanza misimu kadhaa. Timu kubwa za Dar sikufika, na siku hizi hilo haliniumi kama zamani. Nafundisha mabeki wadogo, na daftari la makosa nimelipiga marufuku.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani kukamilika ni kutokosea, na kwa hofu hiyo nilificha karatasi, na kosa likafichika nazo karibu miaka miwili. Lilianza kupona siku nilipolisema mbele ya watu. Kujifunza peke yako ni kuzuri, ila mwonyeshe mtu daftari lako mapema.

Sasa nawaachia. Kama kuna kitu nawe ulijifunza kwa njia iliyopinda, kiweke hapa chini tukisome. Wanaotaka kucheka waanze, mimi nimeshazoea.