Kikombe Kiko Wapi

Mume wangu ni mwalimu wa Kiingereza, na kila Alhamisi baada ya alasiri alimfundisha mwanamke mwingine sebuleni kwangu, nami nimekaa pale pale namdarizia mume kofia. Mwenyewe ndiye aliyeniweka. Mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake hawaachwi peke yao, hata hapa Raskazone penye maofisi na magari, kwa hiyo nikawa mlinzi wa heshima ya nyumba, sindano mkononi.

Mwanafunzi alikuwa binti wa wenye duka la vitambaa, anatafuta kazi kwa mawakala wa forodha kule mpakani, Horohoro. Usaili ungekuwa wa Kiingereza. Alikuja na bajaji, ananukia udi mpaka mapazia yangu yakabaki na harufu yake hadi Jumamosi. "Shikamoo, dada," husema, nami huitikia marahaba kwa meno tu.

Kilichomshinda ni maneno matatu madogo: in, on na at. Sisi tunasema mezani, kabatini, mlangoni, tumemaliza. Kwao Waingereza kila mahali pana neno lake. Basi mume wangu akavitoa vikombe vyangu vya harusi, ambavyo hata Idi sivitoi ovyo. Anakiweka kimoja juu ya meza. "Where is the cup?" Anakitia kabatini, anauliza tena. Binti akikosea, mwalimu anacheka taratibu na kuanza upya. Zile hasira zake za chumvi kuzidi sijui siku hiyo alikuwa akiziacha wapi.

Wivu ulinikaba. Sikuhofia kuibiwa mume mbele ya macho yangu. Nilichoonea wivu ni ule upole. Nilipokuwa bibi harusi nilimwomba anifundishe mimi, akacheka: "Kizungu cha nini, wenda wapi?" Sikuomba tena. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi kila Alhamisi nilizidi kuugua.

Siku moja akamuuliza binti atasemaje kwamba anafanya kazi mpakani. Binti akasema "in the border", akajishuku, akavitazama vikombe. Mume wangu akamsubiri, ameegemeza shavu kiganjani, anatabasamu. Ile subira ndiyo iliyonimaliza.

"At the border," nikasema, bila kuinua uso kwenye kofia.

"Mashallah, dada!" Binti alipiga makofi. "Kumbe wajua!"

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake.

"Nani kakufunza?"

"Wewe," nikamwambia. "Ila hukuwa wanifunza mimi."

Binti, mwenye adabu zake, akakumbuka kwamba bajaji inamngoja nje, akaaga na kuondoka mapema. Tukabaki wawili na vikombe. Nilidhani atavirudisha kabatini. Badala yake akachukua kimoja, akakiweka juu ya meza, upande wangu.

"Where is the cup?" aliniuliza, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiisikia akipewa mwingine.

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikakata uzi, nikatia mwingine kwenye sindano, nikatafuta kitobo kinachofuata.

Akasubiri. Nikamwacha asubiri.